Mfumo wa kubeti farasi: kuuunda, kuupima, na kuujua unapokudanganya

Ukiingia duka la kubeti pale Ngamiani, kabla hujauliza farasi gani mzuri, uliza kwanza kama hao farasi wapo. Sehemu kubwa ya mbio zinazoonekana kwenye skrini za maduka yetu, zile zinazokimbizwa kila baada ya dakika chache kutwa kucha, ni za kompyuta. Hakuna farasi, hakuna nyasi, hakuna mvua. Programu inachagua namba kibahati, halafu picha inachezwa kufuata namba hiyo. Odi, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukishinda, zimeshapangwa ili kampuni ibaki na chake. Utawaona watu wamekaa na kalamu wakiandika kwamba namba 4 hajatoka mbio saba mfululizo, kwa hiyo “amekaribia”. Programu haina kumbukumbu ya mbio iliyopita, kwa hiyo hakuna mfumo unaoweza kufanya kazi pale. Yote yanayofuata hapa ni ya mbio za kweli.

Mbio ya kweli inatambulikana upesi. Uwanja una jina na upo kwenye ramani, saa ya kuanza imetangazwa tangu jana yake, kila farasi ana mpandaji, mkufunzi, umri na uzito, na matokeo utayakuta hata nje ya tovuti ya kampuni uliyobetia. Kwa mtu wa Tanga, zinazopatikana kirahisi kwenye simu ni za Uingereza na Ireland, za Afrika Kusini (Turffontein, Greyville, Kenilworth) na za Ufaransa. Jirani zetu Nairobi wanakimbiza Ngong, lakini kampuni nyingi hazitoi odi zake.

Saa nazo zipange mapema. Mbio ya saa nane mchana London, kwetu ni saa kumi jioni wakati wa kiangazi chao na saa kumi na moja wakati wa baridi yao, kwa sababu wao hubadilisha saa na sisi hatubadilishi. Mbio zao za usiku za majira ya baridi zinaanzia kwetu kwenye saa mbili usiku na kuendelea hadi karibu na saa sita. Mfumo unaokutaka uweke dau dakika tano kabla ya mbio, huku macho yanafumba na umeme haujulikani, utaufuata wiki moja tu. Chagua mbio za saa ambazo uko macho na una bando.

Kupata mshindi si kupata faida

Hapa ndipo mifumo mingi inapofia, na wenye nayo hawajui kwamba imekufa. Mtu anakwambia mfumo wake unapata washindi 33 katika mbio 100. Ni kweli na si ajabu: Uingereza, farasi mwenye odi ndogo kuliko wote hushinda takribani mbio moja kati ya tatu, na huhitaji mfumo wowote kumjua, odi imeshamtaja. Sasa piga hesabu. Tuseme odi zao kwa wastani ni 2.75. Umeweka shilingi 1,000 mara 100, yaani 100,000. Washindi 33 wamekurudishia 2,750 kila mmoja, jumla 90,750. Umepoteza 9,250, na njia nzima ulikuwa unashangilia.

Mwingine anapata washindi 15 tu katika 100, lakini kwa odi ya wastani ya 8.0. Karudishiwa 120,000. Huyu wa pili atachekwa kijiweni kwa sababu mikeka 85 imechanika, na ndiye pekee aliyetoka na 20,000. Ni kama mchuuzi wa pale Deep Sea: changu awe mzuri vipi, ukimnunua kwa bei ya juu kuliko utakayouzia, umekula hasara. Swali la mfumo ni kama farasi huyu anashinda mara nyingi kuliko odi yake inavyosema, basi.

Ili ujue odi inasema nini, gawanya 100 kwa odi. Odi 4.0 inasema nafasi ya 25 kwa 100. Odi 10.0 inasema 10. Fanya hivyo kwa farasi wote wa mbio moja, kisha jumlisha. Chukua mbio ya farasi saba wenye odi 2.75, 4.5, 5.5, 7.0, 11, 15 na 26. Unapata 36.4, 22.2, 18.2, 14.3, 9.1, 6.7 na 3.8. Jumla ni kama 110.7. Nafasi za kweli haziwezi kuzidi 100, kwa hiyo hiyo 10.7 ya juu ni ya kampuni. Maana yake, ukibeti bila ujuzi wowote, kati ya kila 1,000 unarudishiwa kama 904 kwa mwendo mrefu. Mfumo wako lazima kwanza uzibe pengo hilo ndipo uanze kuingiza. Fanya zoezi hili kwa kampuni mbili tatu kwa mbio ileile: inayotoa jumla ya 110 na inayotoa 122 si sawa hata kidogo, na kuhama kampuni tu kunaweza kukupa zaidi ya ujanja wote wa kuchagua farasi.

Usisahau kodi. Ushindi wa kubeti Tanzania hukatwa kodi ya zuio kabla haujafika kwenye simu yako, na viwango hubadilika na bajeti. Kwa hiyo usifanye hesabu kwa odi iliyoandikwa. Chukua kiasi utakachopokea mkononi, gawanya kwa dau. Hiyo ndiyo odi yako. Kama mkeka unasema 8.0 lakini kwa dau la 1,000 utapokea 7,300, wewe unacheza kwa 7.3, na ndiyo uiandike daftarini.

Kusoma kadi ya mbio

Kadi ni ile orodha ya farasi wa mbio moja. Waliozoea mpira, wanaojua Coastal Union ikicheza Mkwakwani inakuwaje na ikisafiri inakuwaje, wataona mambo mengi ni yaleyale kwa jina jingine.

Mbele ya jina la farasi kuna safu ya tarakimu, mfano 5032-41. Ni nafasi alizomaliza, na ya mwisho kulia ndiyo ya karibuni zaidi. Wengi husoma kinyume na kudhani farasi anashuka kumbe anapanda. Sifuri ni nafasi ya kumi au nyuma zaidi. Kistari kinatenganisha msimu na msimu, na mkwaju (/) unaonyesha alikaa nje muda mrefu zaidi. Kwenye mbio za kuruka vizuizi utakuta herufi: F ameanguka, U amemwangusha mpandaji, P alisimamishwa njiani, R aligoma. Ukiona C, alishawahi kushinda kwenye uwanja huo. D, alishinda umbali huo. CD, vyote viwili katika mbio moja. BF alikuwa mwenye odi ndogo kuliko wote mara ya mwisho na akashindwa.

Umbali wa Uingereza unahesabiwa kwa falongi, mita 201 kila moja. Falongi 5 ni kama kilomita moja, falongi 8 ni maili. Uzito unaandikwa kwa mizani yao ya zamani: 9-7 ni stoni 9 (kila moja ratili 14) na ratili 7, yaani ratili 133, kama kilo 60. Usiuruke uzito, kwa sababu kwenye mbio za hendikapu ndio roho ya mchezo. Kila farasi ana alama rasmi, na pointi moja ni ratili moja ya mzigo. Aliye bora anabebeshwa zaidi ili wote wafike pamoja. Farasi akishinda, alama inapandishwa. Akishindwa mfululizo, inashushwa. Kwa hiyo farasi aliyeshinda akiwa na alama 70, akapandishwa hadi 76, akashindwa mara nne na sasa yuko 71, tarakimu zake zinaonekana mbovu kumbe mzigo wake umerudi karibu na ule alioshinda nao. Hapo ndipo tarakimu na odi huweza kupishana na ukweli.

Hali ya uwanja nayo inabadilisha kila kitu: mgumu, mzuri, laini, tope. Farasi anayeruka kwenye ardhi ngumu anaweza asivute mguu kwenye tope, na mvua ya asubuhi moja huko inaharibu uchaguzi wa jana. Ndiyo maana anayejaribu mfumo kwa mara ya kwanza afadhali aanzie kwenye viwanja vya mchanga wa kutengenezwa kama Wolverhampton, Kempton au Newcastle. Pale uso wa uwanja haubadiliki sana, kwa hiyo una jambo moja pungufu la kukuchanganya.

Kutunga kanuni

Mfumo ni orodha ya masharti ambayo mtu mwingine akipewa kadi ileile atamchagua farasi yuleyule. Kama unalazimika kuongeza “halafu naangalia anavyoonekana”, huna mfumo, una maoni.

Chagua kona moja ndogo. Usianze na mbio zote za dunia. Huu ni mfano wa umbo, si dawa ya kunywa: hendikapu za falongi 5 na 6 kwenye viwanja vya mchanga, zenye farasi 8 hadi 12. Farasi awe na CD. Awe amekimbia ndani ya siku 30. Alama yake isizidi kwa zaidi ya pointi 2 ile aliyoshinda nayo mara ya mwisho. Odi iwe kati ya 5.0 na 12.0. Wakitimia wawili, mbio hiyo iache.

Kila sharti liwe na sababu iliyokuwepo kabla hujaona matokeo. CD ni kwa sababu kona na mwendo wa uwanja vinawafaa wengine na kuwasumbua wengine. Siku 30 ni kwa ajili ya utimamu. Kikomo cha odi 12.0 kipo kwa sababu farasi wa odi kubwa kabisa hulipa vibaya kuliko wanavyostahili: watu wanapenda ndoto, wanawabeti kupita kiasi. Mwanasaikolojia R. M. Griffith aliliandika hilo kwa mbio za Marekani mwaka 1949, na tangu hapo limeonekana katika nchi nyingi. Farasi Foinavon alishinda Grand National, mbio kubwa ya kuruka vizuizi ya Uingereza, mwaka 1967 kwa 100 kwa 1 (yaani odi 101), baada ya wenzake kugongana na kusimama kwenye kizuizi kimoja. Mshindi wa namna hiyo hukumbukwa vizazi, na wale wa 100 kwa 1 walioshindwa hakuna anayewahesabu.

Kuwa makini na ukweli ambao umeshalipiwa. Uwanja wa Chester ni mduara mdogo unaopinda karibu mwendo mzima, na kwenye falongi 5 farasi wanaoanzia geti za ndani wanafaidika. Ni kweli kabisa. Tatizo ni kwamba kila anayebeti Chester anajua, kwa hiyo odi ya geti la kwanza imeshashushwa. Sharti likijulikana na wote, linakupa washindi bila kukupa pesa.

Na odi yenyewe usiidharau. Bill Benter, aliyetajirika kwa kubeti Hong Kong kwa kutumia kompyuta, alieleza kwenye andiko lake la mwaka 1994 kwamba hesabu zake za fomu (rekodi za farasi) peke yake hazikutosha. Zilipata nguvu zilipochanganywa na odi za umma. Alikuwa na vigezo vingi, data ya miaka, na watu wa kuikusanya. Wewe mwenye simu moja, ukikuta farasi wako ana odi 30 na wewe unaona anastahili 4, anza kwa kudhani kuna kitu hujakiona.

Daftari kabla ya dau

Pima kwa karatasi, bila shilingi. Kila siku kabla ya mbio andika: tarehe na uwanja, idadi ya farasi, jina, odi ulipomchagua na saa uliyoiona, odi ya mwisho milango ilipofunguka, nafasi aliyomaliza, na salio la dau la kufikirika la 1,000. Andika kabla. Anayejaza jioni baada ya matokeo hujikuta “alikuwa anamtaka” mshindi.

Kurudi nyuma kwenye matokeo ya zamani ni sawa kwa kutunga wazo, si kwa kulithibitisha. Ukichambua mbio 400 zilizopita ukiongeza sharti moja moja, lazima upate kitu kinachong’aa: farasi jike, wa miaka minne, siku za Jumanne, faida 40 kwa 100. Umeyafundisha masharti yako majibu ya mtihani. Dalili yake ni sharti usiloweza kulieleza, na idadi ya farasi inayobaki ndogo. Gawa data: tunga kwa nusu ya kwanza, jaribu kwa nusu ya pili bila kugusa kitu. Kikifa kwenye nusu ya pili, kimekufa.

Ni dau ngapi zinatosha? Zaidi ya watu wanavyodhani. Mfumo wa kweli wa washindi 15 kwa 100, odi 8.0, kwa bahati tu unaweza kukupa washindi 8 au 22 katika 100 za kwanza. Wa 8 anarudishiwa 64,000, wa 22 anarudishiwa 176,000, na mfumo ni uleule. Dau 100 hazisemi kitu. Zikifika 500 ndipo mazungumzo yanaanza.

Kuna kipimo cha mapema kuliko salio, na watu wa duka la kubeti hawakitumii kabisa: linganisha odi uliyochukua na odi ya mwisho. Ukichukua 7.0 na mara nyingi mbio inaanza akiwa 6.0, soko linakufuata. Una kitu, hata kama wiki hii umepoteza. Ukichukua 7.0 na kawaida anaishia 8.5, unanunua wanaotupwa, na faida yoyote uliyonayo ni ya bahati. Dau 100 zinatosha kuona mwelekeo huo.

Kiasi cha kuweka

Tenga fedha ambayo ikiisha yote, kodi ya nyumba na ada ya shule hazitikisiki. Weka 1 kwa 100 ya fedha hiyo kila dau, kiasi kilekile. Mwenye 100,000 anaweka 1,000.

Kupandisha dau mara mbili baada ya kila hasara ndiko kunakomaliza watu. Anza na 1,000. Ukikosa mara kumi mfululizo umeshatoa 1,023,000, na dau la kumi na moja ni 1,024,000, ili ukipata kwa odi 2.0 ubaki na faida ya 1,000. Wala mara kumi si muujiza. Kwa mfumo wa washindi 33 kwa 100, katika dau 200 tegemea kuona mfululizo wa hasara wa kama kumi. Kwa mfumo wa 15 kwa 100, ni kama ishirini. Upangaji wa dau hauwezi kugeuza uchaguzi mbaya kuwa mzuri. Unaamua tu hasara ije polepole au kwa kishindo.

Ipo kanuni ya Kelly ya mwaka 1956 ya kukokotoa ukubwa wa dau, nzuri kwa aliyeshajipima. Toa 1 kwenye odi, zidisha kwa nafasi yako ya kushinda, toa nafasi ya kushindwa, gawanya kwa odi iliyotolewa 1. Odi 5.0 na nafasi ya 25 kwa 100 inatoa: (4 × 0.25 − 0.75) ÷ 4, yaani 6.25 kwa 100 ya fedha. Ni nyingi mno, maana hiyo 25 ni makadirio yako na ukizidisha kidogo tu kanuni inakubebesha dau kubwa. Wanaoijua hutumia robo yake, kama 1.6 kwa 100. Na usiweke farasi watano kwenye mkeka mmoja kama mpira: ile 10 ya kampuni unailipa mara tano.

Mambo madogo yanayokula fedha

Farasi akijiondoa baada ya wewe kuchukua odi, Uingereza wanakata ushindi wako kulingana na odi ya aliyeondoka, kwa sababu wapinzani wamepungua. Aliyeondoka akiwa na odi 4.0, unakatwa 25 kwa 100 ya faida. Akiwa na odi zaidi ya 15.0, hukatwi. Ukiona malipo pungufu, angalia hilo kabla hujaenda kugombana na kijana wa dirishani.

Dau la E/W (each way) ni dau mbili, moja la kushinda na moja la kuingia nafasi za juu, kwa hiyo 1,000 E/W ni 2,000. Kwa kawaida mbio ya farasi 8 na kuendelea inalipa nafasi tatu kwa moja ya tano ya odi. Farasi wa 9.0 akiwa wa tatu, sehemu ya nafasi inalipa 2.6: unapokea 2,600 kwa 2,000 uliyotoa, kabla ya kodi. Farasi wakiwa 5 hadi 7, zinalipwa nafasi mbili tu. Kwa hiyo mbio ya farasi 8 kamili inayopoteza mmoja dakika za mwisho inafuta nafasi ya tatu. Mfumo wa E/W uwe na sharti la farasi angalau 9 kwenye kadi, au usubiri hadi dakika kumi za mwisho uhesabu waliobaki.

Wanaouza mikeka ya farasi “ya uhakika” kwenye makundi ya simu waombe daftari lenye odi na saa iliyoandikwa kabla ya mbio, dau 500 mfululizo. Picha ya mkeka ulioshinda si daftari.

Mwisho, weka kikomo cha kusimamisha mfumo wakati akili bado imetulia. Kinachofaa: salio likishuka nusu ya fedha uliyotenga, au dau 150 zipite huku odi ya mwisho ikiwa juu ya uliyochukua kwa wastani. Kimoja kikitokea, rudi kwenye karatasi. Kiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na tarehe na sahihi yako, na mpe mtu mmoja wa nyumbani akisome.